CUCV M1009: taa ya GEN 2 haizimi na betri ya nyuma inashuka. Oltaneta, waya au dayodi?

#1 Mnyalu_TX (Houston)
Wakuu salaam. Gari ni M1009, ile Blazer ya jeshi la Marekani, mojawapo ya CUCV (magari ya kiraia yaliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi), ya mwaka 1985, injini ya dizeli lita 6.2. Kwa wasioifahamu: ina betri mbili za 12V zilizoungwa mfululizo, stata ni ya 24V, vitu vingine karibu vyote ni 12V, na kila betri ina oltaneta (jenereta ya kuichaji) yake. Kwenye dashibodi kuna taa mbili za chaji, GEN 1 na GEN 2.

Ukifungua swichi zote mbili zinawaka, sawa. Injini ikishika, GEN 1 inazima. GEN 2 inafifia tu, haizimi. Vipimo, kila betri peke yake:

Asubuhi kabla ya kuwasha: mbele 12.65, nyuma 12.20.
Injini inanguruma bila kukanyagwa: mbele 13.9, nyuma 12.4.
Kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika: mbele 14.1, nyuma 13.1.

Oltaneta ya kulia ni 27SI iliyofanyiwa ukarabati, imefungwa juzijuzi. Belti imekaza. Msimamo wangu ni kwamba oltaneta imetoka dukani ikiwa mbovu. Dukani wanasema tatizo ni waya za gari. Nani yuko sahihi?

#2 Fundi_Gerezani (Dar)
Mkuu, betri mbili za 12V, moja iko sawa na nyingine iko chini, hilo jibu lake linajulikana. Kuna mtu kachukua 12V kwenye betri moja kulisha redio au taa. Kwenye Fuso na Isuzu tunaliona kila siku. Betri inayonyonywa haijai, ya pili inajazwa kupita kiasi mpaka maji yanachemka. Funga konvata ya 24 kwenda 12, badilisha betri zote mbili kwa pamoja, kazi imeisha.

#3 VoltiMbili (Minneapolis)
Fundi, kwa Fuso uko sahihi kabisa, ila CUCV haikujengwa hivyo. Fuso ina oltaneta moja ya 24V inayochaji betri mbili kama kitu kimoja, kwa hiyo ukichota katikati unavuruga mizani. CUCV ina oltaneta mbili za 12V, ampea 100 kila moja. GEN 1, upande wa dereva, inachaji betri ya mbele, ambayo hasi yake iko kwenye bodi. GEN 2, upande wa abiria, inachaji betri ya nyuma. Hasi ya GEN 2 haiendi kwenye bodi. Inakwenda kwenye bloku ya 12V kwenye ukuta wa injini, na chanya yake inakwenda kwenye bloku ya 24V. Yaani GEN 2 nzima imekaa juu ya ngazi ya 12V.

Na tazama mwelekeo wa tatizo. Taa kubwa, feni, redio, vyote vinakula betri ya MBELE. Ingekuwa ugonjwa wa Fuso, ya mbele ndiyo ingekuwa chini. Hapa iliyo chini ni ya nyuma, ambayo karibu haina kazi nyingine zaidi ya stata na hita plagi (plagi za kupasha joto dizeli kabla ya kuwasha). Betri isiyo na mzigo kukaa kwenye 13.1 maana yake chaji haifiki vizuri.

Mnyalu, umefanya vyema kupima kila betri peke yake. Wengi wanapima 24V kwa ujumla, wanaona 27.8 wanafurahi, kumbe moja iko 15.4 na nyingine 12.4.

#4 Kipepe
Uzi mzuri. Naweka kambi hapa.

#5 Kombo_wa_Muscat
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi naitilia shaka waya ya tamino namba 1. Oltaneta za Delco za familia ya SI zina plagi ya pini mbili: namba 1 inatoka kwenye taa ya dashibodi, kwa kawaida ya GM ni waya wa kahawia, na namba 2 ndiyo inayosoma volti ya betri, mwekundu. Ule umeme mdogo unaopita kwenye taa ndio unaoamsha uga wa sumaku wa rota (sehemu inayozunguka ndani ya oltaneta). Taa ikiungua, au waya ukilegea, oltaneta hailali moja kwa moja lakini inachelewa kuamka mpaka ukanyage mafuta. Na wewe umesema bila kukanyaga ni 12.4, ukikanyaga inapanda. Dalili ndiyo hiyo hiyo.

Kipimo: swichi imefunguliwa, injini imezimwa. Chomoa plagi ya GEN 2, pima pini namba 1. Lakini ncha nyeusi ya mita usiiweke kwenye bodi. Iweke kwenye nguzo ya hasi ya oltaneta yenyewe. Utarajie karibu 12V. Ukipima kwa bodi utaona 24 au zaidi kidogo na utachanganyikiwa bure.

#6 MzeeWaOhm (Arusha)
Kombo kaeleza vizuri, ila kwa nini tuzunguke? 27SI ina tundu nyuma lenye umbo la herufi D. Injini ikinguruma, ingiza bisibisi nyembamba kwenye tundu, isizidi inchi moja, iguse kile kibati cha ndani na ukingo wa gamba kwa wakati mmoja. Hapo umeiruka regyuleta (kidhibiti cha volti), rota inapata umeme wote. Volti zikiruka juu, regyuleta imekufa. Zisiporuka, tatizo ni dayodi (zinazopitisha umeme upande mmoja tu), kaboni (brashi za rota) au koili za ndani zisizozunguka. Sekunde mbili tatu zinatosha.

#7 VoltiMbili
MzeeWaOhm, naomba Mnyalu ASIFANYE hivyo upande wa GEN 2. Nieleze sababu kwa sababu kipimo hiki kimeandikwa kila mahali.

Kwenye oltaneta ya kawaida gamba ndilo hasi. Hizi za CUCV hasi yake imetengwa na gamba, ina nguzo yake. Gamba linagusa breketi, breketi inagusa injini, injini iko sifuri volti. Hasi ya GEN 2 iko 12V. Ukiunganisha kile kibati na gamba, koili ya rota inapata tofauti ya 24V nzima badala ya 12V, na umeme unarudi kwa njia isiyo yake. Unaweza kuunguza rota, kaboni au regyuleta iliyokuwa nzima. Kwa GEN 1 haina madhara, kwa sababu hasi yake imeungwa kwenye bodi kwa waya.

Ukitaka lazima kufanya kipimo cha tundu kwenye GEN 2, tumia waya uliofunikwa: upande mmoja uguse kibati, upande wa pili uguse nguzo ya hasi ya oltaneta. Gamba usiliguse.

#8 MzeeWaOhm
Nimekupata, hoja ya nguzo ya hasi ni ya msingi. Basi tupime upotevu wa volti kwenye nyaya kwanza, maana ukarabati mwingi unafanyika kwa oltaneta ambayo haikuwa na kosa. Injini kwenye 1,500. Mita kwenye DC, skeli ya 2V.

Chanya: ncha nyekundu kwenye nguzo kubwa ya GEN 2, nyeusi kwenye kichwa chanya cha betri ya nyuma. Gusa risasi ya betri yenyewe, sio klempu.
Hasi: ncha nyekundu kwenye kichwa hasi cha betri ya nyuma, nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya GEN 2.

Kila upande usizidi 0.2, ukivumilia sana 0.3. Na lazima umeme uwe unapita, la sivyo kila kitu kitaonekana kizima. Kuwasha taa kubwa hakusaidii, zinakula upande wa mbele. Chukua balbu za taa kubwa za 55W, ziunge moja kwa moja kwenye betri ya nyuma, chanya kwa hasi yake mwenyewe. Kila moja inakula ampea 4 na nusu. Weka tatu, na zisiguse bodi.

#9 Fundi_Gerezani
Kabla ya yote hayo, hamisheni betri. Ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Betri zikihama na udhaifu ukahama nazo, betri ndiyo mgonjwa. Udhaifu ukibaki nyuma, betri haina kosa. Hakuna cha kununua. Na betri ipimwe kwa mzigo: nusu ya ampea za kuwashia zilizoandikwa kwenye lebo, sekunde 15, isishuke chini ya 9.6V kwa joto la nyuzi 21. Betri ya 650 unaipa mzigo wa 325. Betri yenye seli moja dhaifu inaweza kukaa kwenye 12.2 asubuhi hata ukiichaji kutwa.

#10 Mnyalu_TX
Asanteni wote. Majibu:

Betri zimehamishwa. Udhaifu umebaki nyuma. Zote mbili zimepita kipimo cha mzigo.
Pini namba 1, kwa hasi ya oltaneta: 11.6V. Kwa bodi: 24.2.
Upotevu kwa balbu tatu: chanya 0.15, hasi 0.72. Kwenye nguzo za oltaneta zenyewe ni 14.0, kwenye betri 13.1.

#11 Kirinyaga_Rd (Nairobi)
Boss, jibu umejipa mwenyewe. 0.72 kwa hasi ni nyingi sana. Oltaneta inatoa 14.0, haina kosa. Hiyo waya ya hasi kutoka GEN 2 hadi bloku ya 12V imeoza mahali.

Fanya hivi. Toa hasi ya betri ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, ndio spana ikigusa kitu kusiwe na moto. Fungua nati kwa nguzo ya GEN 2 na kwa bloku ya 12V. Kwa bloku utapata kutu ya kijani kibichi chini ya zile viatu vya waya (vichwa vya kufungia kwa nati), na mara nyingi kuna viatu vitatu au vinne vimepangana kwa stadi moja, cha chini hakijaguswa tangu gari itoke kiwandani. Piga msasa kila uso mpaka shaba ionekane, rudisha, kaza, kisha paka grisi juu. Grisi isitangulie.

Ukimaliza pinda waya karibu na kiatu. Ikipinda kama kamba laini kumbe ndani imegeuka unga, kata inchi mbili uweke kiatu kipya cha kubana, halafu solda. Ukiangalia kwa macho tu hutaona, mpira wa nje unabaki mzuri.

#12 Kombo_wa_Muscat
Kirinyaga kasema kweli, ila hilo halielezi taa. Regyuleta inasoma volti kati ya pini namba 2 na hasi yake yenyewe, kwa hiyo upotevu upande wa hasi regyuleta hauoni. Itakaa 14.0 ikidhani kazi imeisha. Hilo linaeleza betri kuwa chini. Taa kuwaka hafifu ni jambo jingine.

#13 Dizeli_Mtupu (Dallas)
Wakuu mnajitesa. Geuzeni yote 12V muachane na haya. Stata ya 12V ya 6.2 ya kiraia inaingia palepale. Betri mbili ziunge sambamba, GEN 2 itoe, hita plagi zitoe kwenye zile rezista mbili za ukuta wa injini uzilishe 12V moja kwa moja. Nyaya nusu zinaondoka na matatizo nusu yanaondoka.

#14 VoltiMbili
Inawezekana na wengi wamefanya, lakini isemwe kazi nzima. Ukiunga betri sambamba ukasahau stata ya 24V, itazunguka kwa uvivu na dizeli haitashika asubuhi ya baridi. Ukifunga stata ya 12V ukaacha betri mfululizo, unaichoma. Rezista za hita plagi ukiziacha wakati chanzo kimekuwa 12V, plagi hazipati joto.

Na jambo ambalo watu hulisahau: soketi ya kuazimia umeme kwenye grili, ile ya NATO, pini ya katikati chanya, pete ya nje hasi. Kila gari la jeshi linalochomeka pale linaleta 24V. Gari likishakuwa 12V, soketi hiyo itolewe kabisa, sio kuandikwa kwa peni tu. Siku mtu akichomeka kwa nia njema, balbu, redio na kadi ya hita plagi vinaondoka pamoja.

Mimi nasimama upande wa kuacha 24V. Stata ya 24V inainyanyua 6.2 vizuri mno, na mfumo wa oltaneta mbili ni imara ukiuelewa.

#15 Kipepe
Fundi_Gerezani leo Fuso umeziacha na nani?

#16 Fundi_Gerezani
Fuso zipo, hazikimbii. Hii ya oltaneta kuelea juu ya 12V inanivutia. Endeleeni.

#17 Mnyalu_TX
Hasi ya GEN 2 imesafishwa pande zote mbili, kiatu cha upande wa bloku kimebadilishwa. Vipimo vipya kwa balbu tatu: nguzo za oltaneta 14.0, betri ya nyuma 13.75. Bila kukanyaga, 13.2.

Lakini GEN 2 bado inawaka kwa mbali, mchana huioni, usiku unaiona. Na nimepima AC (umeme wa kupishana) kwenye betri ya nyuma kwenye 1,500: 0.9V. Nimesoma kuwa ikizidi 0.5 dayodi imekufa. Narudi kwenye msimamo wangu wa kwanza: oltaneta.

#18 MzeeWaOhm
Mita gani? Zile za bei ndogo zenye duara la manjano hazizuii DC zinapopima AC, zinaongopa. Jaribu: betri ikiwa imetulia, injini imezimwa, weka mita kwenye AC upime betri hiyo hiyo, kisha geuza ncha. Ikisoma karibu 27 upande mmoja na sifuri upande wa pili, mita hiyo haifai kwa kazi hii. Betri tulivu haina AC, mita nzuri inasoma sifuri pande zote.

#19 Mnyalu_TX
Nimeazima mita nyingine iliyosoma sifuri pande zote kwenye betri tulivu. Sasa AC ni 0.35.

#20 MzeeWaOhm
Basi kwa kipimo hicho dayodi zinapita, japo sio safi kabisa. Oltaneta nzuri huwa chini ya hapo.

#21 Dizeli_Mtupu
Na rilei ya hita plagi je? Kwenye CUCV ile rilei inaganda ikiwa imefunga, hita plagi zinakula umeme njia nzima. Asubuhi betri ziko chini.

#22 Kirinyaga_Rd
Hapana, hiyo haiwezi. Hita plagi za CUCV zinachukua 24V kupitia rezista, kwa hiyo zinakula betri zote mbili sawasawa. Ingeganda, ya mbele pia ingekuwa chini, na plagi zingekuwa zimevimba ncha mpaka hazitoki kwa kichwa cha injini. Ya mbele hapa iko 12.65. Ila kama mwenye gari wa zamani alihamisha chanzo cha hita plagi kwenda 12V, hapo mzigo wote unakuwa wa mbele. Pia haifanani na tatizo hili.

#23 VoltiMbili
Tuache taa kidogo tuulize ile 12.20 ya asubuhi. Mnyalu, pima uvujaji gari likiwa limezimwa. Mahali pa kuweka mita ndipo watu wanapopotea. Wengi wanaiweka kwenye hasi ya betri ya mbele, kwa kuwa ndiyo ethi. Ukiweka hapo, uvujaji wa dayodi za GEN 2 hutauona kamwe, kwa sababu umeme unatoka chanya ya betri ya nyuma, unapita ndani ya GEN 2, unarudi bloku ya 12V, unaingia hasi ya betri ya nyuma. Mzunguko wote haugusi bodi.

Weka mita mfululizo kwenye chanya ya betri ya nyuma. Milango imefungwa, swichi imezimwa, usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo. Kiwango cha kawaida ni chini ya miliampea 50. Kikizidi, tenganisha betri, toa waya mkubwa wa GEN 2 uufunge kwa utepe, rudisha betri, pima tena.

#24 Kombo_wa_Muscat
Na kabla hujaifunga tena, waya zote zikiwa nje ya oltaneta, pima ohm kati ya nguzo ya hasi na gamba. Isome wazi kabisa. Waliokarabati wanaweza kuwa wamerudisha kava la nyuma la oltaneta ya kawaida, hasi imegusana na gamba.

#25 VoltiMbili
Ingekuwa imegusana kabisa tusingekuwa tunajadili taa. Bloku ya 12V ingepata njia ya moja kwa moja kwenda bodi kupitia breketi, betri ya mbele ingechoma ule waya siku ya kwanza. Lakini kipimo ni cha maana kwa jambo dogo zaidi: unga wa kaboni na mafuta ndani vinaweza kutengeneza njia ya ohm mia kadhaa. Hiyo inanyonya betri ya mbele polepole.

#26 Mnyalu_TX
Hasi kwa gamba: wazi. Safi.
Uvujaji kwenye chanya ya betri ya nyuma: ampea 0.18. Waya mkubwa wa GEN 2 ukiwa nje: 0.02.

#27 Fundi_Gerezani
Hapo sasa. Ampea 0.16 inapita ndani ya oltaneta gari likiwa limelala. Kwa saa 24 ni karibu 4Ah. Gari likikaa wiki, 27Ah zimekwenda. Dayodi moja inavuja. Mnyalu alikuwa sahihi tangu mwanzo, dukani warudishe hela.

#28 MzeeWaOhm
Fundi, taratibu. Ndani ya SI kuna kapasita kati ya nguzo ya chanya na hasi, ya kuzuia mikwaruzo ya redio. Kapasita ikichoka inavuja vilevile, na dayodi zikawa nzima. Inafunguliwa kwa skrubu, inagharimu kidogo. Oltaneta ikiwa mezani, toa kapasita, kisha pima kwa skeli ya dayodi kati ya nguzo mbili: upande mmoja wazi, upande wa pili kati ya 0.8 na 1.0, kwa sababu unapita dayodi mbili mfululizo. Ukiona kama 0.5, moja imeshakuwa shoti.

Ukifungua gamba, boliti ndefu ni nne. Weka alama kwenye magamba yote mawili kabla hujatenganisha ili yarudi mkao uleule. Kaboni zitaruka. Zirudishe ndani uzishikilie kwa waya mwembamba kupitia tundu dogo la nyuma, funga, ndipo uuchomoe waya.

#29 Kombo_wa_Muscat
Hata tukikubaliana kuhusu kuvuja, taa bado haina jibu. Taa ya namna hii ina pande mbili: upande mmoja ni umeme wa swichi, upande wa pili ni pini namba 1 ya oltaneta. Zikilingana, inazima. Ikiwaka hafifu kuna upande umeshuka, na ni lazima ujue ni upi.

Injini ikinguruma kwenye 1,500, kila kitu kimechomekwa, pima kwa kurejea nguzo ya hasi ya GEN 2: nguzo kubwa ni volti ngapi, pini namba 1 ni volti ngapi. Zikiwa sawa, oltaneta haina kosa na umeme wa upande wa swichi ndio mdogo: swichi, au ile rilei ya GEN 2 chini ya dashibodi, midomo yake imeungua. Pini namba 1 ikiwa chini kwa zaidi ya nusu volti, ni zile dayodi tatu ndogo za ndani.

#30 Kirinyaga_Rd
Na kuna njia ya kuondoa gari kwa hesabu kabisa. Chomoa plagi ya GEN 2. Unga pini namba 2 na nguzo kubwa kwa waya mfupi. Pini namba 1 iunge na nguzo kubwa kupitia balbu ndogo ya 12V ya wati 3 hadi 5. Hapo oltaneta inajitegemea. Balbu itawaka. Washa injini haraka. Balbu ikizima kabisa, tatizo liko kwa waya za gari. Ikibaki na wekundu, tatizo liko ndani ya oltaneta. Ukimaliza toa hiyo waya, isilale imeungwa.

#31 Mnyalu_TX
Vyote vimefanyika.
Kipimo cha Kombo: nguzo kubwa 14.0, pini namba 1 13.7.
Kipimo cha Kirinyaga: balbu imezima kabisa, na betri ya nyuma imepanda 14.0 bila mzigo.

#32 Kirinyaga_Rd
Balbu imezima. Ni waya za gari. Anza na rilei, pima volti inayoingia na inayotoka ikiwa imefunga. Tofauti isizidi 0.1.

#33 Fundi_Gerezani
Na 0.16 inayovuja? Ilikoma pale tu waya mkubwa wa GEN 2 ulipotolewa. Oltaneta ina kosa, balbu izime isizime.

#34 VoltiMbili
Mnaweza kuwa sahihi wote wawili, magonjwa mawili kwenye gari moja. Lakini kipimo cha Kirinyaga kimebadilisha vitu viwili kwa mpigo: njia ya namba 1 na njia ya namba 2. Kwa hiyo hatujui ni ipi iliyoponya. Waya wa namba 2 ukiwa na kutu regyuleta inasoma volti pungufu na inachaji kupita kiasi, hilo hatulioni hapa, ila kiungio kinachocheza kinaweza kuifanya ipapase na taa ikaonyesha.

Mnyalu, rudia kwa sehemu. Mara ya kwanza, namba 2 ibaki kwenye waya wa gari, namba 1 tu ipite kwenye balbu. Mara ya pili, namba 1 ibaki kwenye waya wa gari, namba 2 tu iende kwenye nguzo kubwa. Pini zitoe kwenye plagi kwa bisibisi ndogo ya saa, usizikate.

#35 MzeeWaOhm
Na ile tofauti ya 0.3 kati ya nguzo kubwa na pini namba 1 mimi siipuuzi. Iko katikati, haitoshi kuilaani oltaneta na haitoshi kuisafisha. Ipimwe tena injini ikiwa imepata moto, baada ya nusu saa ya barabarani. Dayodi inayokufa huwa nzima ikiwa baridi.

#36 Dizeli_Mtupu
Kapasita kwanza. Ni skrubu moja.

#37 Mnyalu_TX
Naanza na kapasita, kisha rilei, kisha pini moja moja kama alivyosema VoltiMbili. Oltaneta ya zamani ninayo bado, gamba lake ni zima, kapasita yake nitaipima pembeni ya hii kwa kulinganisha.

#38 Kombo_wa_Muscat
Ukiipima kapasita, toa kabisa mguu mmoja, usiipime ikiwa imefungwa. Na rilei ya GEN 2 ukiichomoa tazama midomo ya soketi yake, sio rilei peke yake.